Dada wa Tandika, usimwache Dodoma

Juzi dada mmoja wa Tandika kaniandikia: "Kaka, mdogo wangu kachanganyikiwa tena. Wazee wanasema tumpeleke Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, tukamwache huko. Wewe ulifanyaje?"

Nilianza na ujinga, dada. Nilipanda basi na mdogo wangu hadi Dodoma, nikamkabidhi, nikarudi Mbagala nimelala usingizi wa kwanza baada ya miezi. Wauguzi walimtibu, hilo sina neno. Aliporuhusiwa nikamleta nyumbani na mfuko wa vidonge, basi. Vikaisha. Wiki ya tano akawa anagombana na feni. Tukarudi tena Dodoma, na tena.

Nesi mmoja wa kliniki ya wilaya ndiye aliyenifungua macho. Aliniuliza, "Mate yanamtoka?" Kumbe yalikuwa yanamtoka, mto wote unalowa, mikono inatetemeka hata chai inamwagika. Ndiyo maana alikuwa anaficha kidonge shavuni, na mimi nikimchapa maneno nikidhani ukaidi. Daktari akapunguza haloperidoli, ile dawa yake ya akili, akampa Artane ya kutuliza mtetemeko, kisha akamhamishia kwenye sindano ya mwezi. Hayo yote yalifanyika nauli ya daladala moja kutoka nyumbani.

Sasa wasomi wa vijiweni huniambia Ulaya wamefunga hospitali za vichaa. Ni kweli Italia ilipitisha Sheria namba 180 mwezi Mei 1978, iliyotokana na harakati za daktari wa akili Franco Basaglia. Lakini kule Trieste, mji wa Italia, walifungua vituo mitaani, vyenye vitanda, wauguzi wakawa wanagonga milango ya watu. Kumrudisha mgonjwa nyumbani halafu asifuatiliwe na mtu, huko ni kumtupa karibu badala ya mbali. Na msiseme ni mambo ya wazungu: miaka ya 1980 Morogoro na Kilimanjaro huduma hii ilijaribiwa kushushwa hadi vituo vya afya.

Kwa hiyo shika tarehe ya kliniki. Iandike mlangoni, mwambie mama mwenye nyumba, mwambie mjumbe, mwambie hata muuza genge. Tarehe, dada! Ukiikosa hiyo, mengine yote ni maombi.

Mdogo wangu ana mwaka wa 4 hajalazwa. Anakaanga chipsi jioni, chenji hakosei. Naringa, ndiyo, acheni niringe. Maana harusi ya binamu yetu ilipofika, baba mdogo alituletea kadi ya singo, yenye jina langu peke yangu. Sikwenda. Hadi leo akinipigia napokea mlio wa tatu, makusudi.

Ninyi mnaoficha ndugu chumba cha uani wageni wakija, mnamficha nani? Mtaa mzima unajua. Mtoeni, akae barazani, anywe chai na watu.

Dada, hukuniambia: sindano yake ya mwisho alichoma tarehe ngapi?