Kabla hujalipia kompresa, ipime kwa saa ya simu

Muuzaji wa kompresa ya upepo atakutajia vitu viwili, hosipawa na ukubwa wa tangi. Tangi ni ghala tu. Kinachoendesha kazi ni upepo ambao pampu inauingiza humo kila dakika, na hapo ndipo lebo nyingi zinapopotosha.

Chukua ile kompresa ya hp 2 yenye tangi la lita 50, iliyojaa maduka ya Kariakoo. Mara nyingi lebo yake husema lita 206 kwa dakika. Hizo ni lita ambazo pistoni inavuta kwa hesabu, si zinazotoka kwenye mpira. Toa thuluthi moja hivi, unabaki na 130 au 140. Kwa kujaza tairi, kupuliza vumbi na kufungua nati za magurudumu kwa vipindi, zinatosha kabisa. Lakini bunduki ya rangi aina ya HVLP, ile ya upepo mwingi kwa presha ndogo, hula lita 300 hadi 400. Utaanza mlango vizuri, presha itashuka, na rangi itaanza kutoka kwa matone kabla hujafika kwenye kitasa.

Usibishane na lebo, pima. Mwambie muuzaji aiwashe huku bomba la kutolea upepo limefungwa. Geji ikifika bar 5 (bar ni kipimo cha presha), anza kuhesabu kwa simu hadi ifike bar 7. Zidisha lita za tangi kwa bar zilizoongezeka, kisha gawa kwa dakika zilizotumika. Tangi la lita 50 likipanda bar 2 kwa sekunde 45, ni lita 100 kwa robo tatu ya dakika, yaani kama 133 kwa dakika. Muuzaji akikataa kuwasha, nenda duka la jirani.

Iache iendelee mpaka izime yenyewe, halafu sikiliza. Lazima usikie "psss" fupi kwenye swichi ya presha. Huo ni upepo wa kile kibomba kati ya pampu na tangi, unatolewa ili mota ikiwaka tena isianze na mzigo. Psss isiposikika, mota itavuma bila kuzunguka, na kapasita au waya wa ndani utaungua. Psss isiyokoma nayo ni ugonjwa: valvu ya kuzuia upepo kurudi imechafuka au haifungi.

Kama kazi yako ni ya kutwa, tafuta ya mkanda. Kwa umeme wetu, mota iliyofungwa moja kwa moja na pampu huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, na pistoni nayo hivyohivyo. Ya mkanda huenda kama mara 1,000, haipati joto sana, haipigi kelele sana, na ringi zake hudumu. Fundi rangi mwenye umeme wa fezi moja aridhike na hp 3 ya mkanda, tangi la lita 100 au zaidi, halafu anunue bunduki inayokula upepo kidogo. Kubadili bunduki ni rahisi kuliko kuomba fezi tatu.

Mashine nyingi nzuri huuawa na ekstensheni nyembamba. Waya mrefu wa milimita za mraba 1.5 hushusha volti, mota inashindwa kuwaka, inapata joto. Weka kompresa karibu na soketi, kinachorefushwa kiwe mpira wa upepo. Waya ukiwa hauepukiki, uwe wa 2.5.

Oili ni ile ya kompresa, namba 100. Ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, imwage.

Na maji ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Dar au Mombasa, kwa joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, pampu inayotoa lita 200 kwa dakika huacha karibu robo lita ya maji kwa kila saa inayozunguka. Mengine hutua chini ya tangi, mengine huenda hadi kwenye rangi na kuitoboa vishimo. Fungua kizibo cha chini kila jioni, na funga chujio la maji karibu na bunduki, si karibu na pampu ambako upepo bado ni wa moto.

Kwa mashine ya mtumba, anza na hilohilo tumbo la tangi. Lala chini ulitazame, gonga kwa nati, sikiliza panapolia tofauti. Kutu ya ndani haionekani mpaka itoboe. Ukiona kiraka cha kuchomelea, hata kiwe kimepakwa rangi vizuri namna gani, liache hapohapo.