Aya na mwendo wake: kwa anayeanza kuandika hadithi

Swali ninaloulizwa sana na wanaoanza ni aya iwe na mistari mingapi. Haina idadi. Ikate pale jicho la msomaji linapohama: kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, chumbani kwenda barazani, leo kurudi utotoni. Kwenye mazungumzo mambo ni mepesi, kila msemaji apewe aya yake.

Kazi iko kwenye mwendo, na katika Kiswahili mwendo huanzia ndani ya kitenzi. Tazama: "Juma alifika kituoni. Akashuka, akalipa, akavuka barabara." -li- imelifungua tukio, kisha -ka- inalisukuma, wala hupati pa kupumulia. Sasa soma hivi: "Juma alifika kituoni. Mvua ilikuwa ikinyesha, makonda wakiita abiria, mama mmoja akifunika vitumbua vyake kwa nailoni." Hadithi haijapiga hatua; -ki- imetusimamisha tuangalie. Aya iliyokomaa hujua lini isimame na lini ikimbie.

Wanaoanza hupanga -ka- kumi na tano mfululizo wakidhani ndiyo kasi. Zikizidi, kumpiga mtu na kunywa chai huwa na uzito mmoja. Wengine hung'ang'ania -li-: "Aliamka. Alioga. Alivaa." Hayo ni maelezo ya kituo cha polisi, na hata huko wapo wanaoandika vizuri kuliko hivyo.

Kitenzi chetu kimoja kinaweza kuwa sentensi kamili: "Akanyamaza." Kipe aya yake peke yake pale mambo yanapogeuka. Ukikifanya hivyo kila ukurasa, ni mbwembwe tu.

Zoezi ninalowapa watu: nakili kwa mkono ukurasa wa mwandishi unayempenda, upigie mstari kila -li-, -ka- na -ki-. Utaona mahali alipopunguza mwendo, na mara nyingi ni kabla tu ya jambo kubwa. Kisha soma kazi yako kwa sauti. Ukiishiwa pumzi, kata sentensi. Ukipiga miayo, punguza maelezo.

Halafu tafuta "baada ya hapo", "ndipo" na "kisha" zote mwanzoni mwa aya zako. Nyingi zifute. -ka- imeshasema kwamba hili limefuata lile.