Soma popote, futa kwako tu: kwa mnaoanza kazi ya tupli

Wadogo zangu mnaokuja Moshi kwa fildi, najua chuoni mmezoea seva. Simu inauliza, seva inajibu, mtandao ukikata mnangoja urudi. Huku tunashughulika na vituo vya kupokelea kahawa milimani, Kibosho, Uru, Machame hadi Marangu, ambako simu za makarani zinapeana kumbukumbu za mizani zenyewe kwa zenyewe, bila ruta wala seva katikati. Kila simu inatuma ya kwake na kupitisha ya wenzake. Na haziko pale muda wote: karani kaenda kula, betri imekufa, mvua imeshuka. Mtandao wa namna hii ndio tunaouita adhoki. Itifaki zake za kutafuta njia, kama AODV na OLSR za mwaka 2003, mtazisoma na kuzielewa bila shida. Kinachowasumbua watu ni kile kinachokaa juu ya njia hizo: data ni ya nani, na nani ana ruhusa ya kuifuta.

Sisi tunatumia uwanja wa tupli, yaani mahali pa pamoja pa kuwekea tupli: kumbukumbu fupi zenye sehemu kadhaa kwa mpangilio maalumu. Wazo ni la David Gelernter wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyelieleza kwa kina mwaka 1985 kupitia Linda, mfumo wa kuratibu programu. Fikiria ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji: anayebandika hamjui atakayesoma, na anayesoma hana haja ya kumkuta aliyebandika. Amri ya out inabandika tupli, rd inasoma nakala na kuiacha ilipo, in inaibandua na kuondoka nayo. Kuna na eval, inayoanzisha kazi mpya, lakini hiyo hapa hamtaigusa.

Tupli yetu moja inafanana hivi: ("mzani", "kituo-3", 118, "maganda", 42.5). Yaani kituo cha tatu, mzigo wa 118, kahawa ya maganda, kilo 42.5. Huitafuti kwa anwani, unaitafuta kwa kiolezo: ("mzani", "kituo-3", ?namba, "maganda", ?kilo). Sehemu zenye alama ya kuuliza zinapokea thamani yoyote ya aina yake, nyingine lazima zilingane. Idadi ya sehemu, mpangilio na aina vyote vinahesabika. Mmoja wenu akihifadhi kilo kama maandishi, "42.5" ndani ya alama za nukuu, kiolezo kinachotaka namba hakitaipata kamwe. Wala hamtaona ujumbe wa kosa, kwa sababu rd na in husubiri mpaka tupli ipatikane, na hii haitapatikana. Mkiziita kwenye uzi mkuu wa Android, yaani ule unaoendesha skrini, baada ya sekunde chache karani ataambiwa programu haijibu, ataifunga, kisha atawapigia simu akilalamika. Tumieni aina zisizosubiri, rdp na inp, au wekeni kazi hiyo kwenye uzi wa pembeni.

Linda ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta zinazofanya kazi sambamba, mahali ambapo uwanja upo daima. Kwa vifaa vinavyotembea walikuja Gian Pietro Picco, Amy Murphy na Gruia-Catalin Roman na mfumo wao wa LIME mwaka 1999. Humo kila kifaa kinabeba kipande chake cha uwanja. Vifaa vikikutana, vipande vinaonekana kama uwanja mmoja, vikiachana kila kimoja kinaondoka na chake. Ni wazo zuri sana, na kwa maoni yangu ni zuri mno kwenye karatasi, kwa sababu linataka kukutana na kuachana kufanyike kwa hatua moja isiyokatika katikati. Simu halisi haziagani kabla ya kupotea.

Sasa chukueni rdp, halafu ijibu kwamba hakuna tupli. Maana yake ni kwamba hakuna kwa hawa ninaowafikia sasa hivi. Hiyo haikuambii kwamba mzigo haujapimwa. Msije mkamwonyesha mhasibu sifuri kwa kituo ambacho simu yake iko nyuma ya bonde. Mwonyesheni kituo kilionekana mara ya mwisho lini na namba ya mwisho iliyopokelewa, basi. Sifuri ni jibu, na kwenye hesabu za wakulima jibu la uongo linazua kikao.

Kuhusu in ndiko nataka mkae muda mrefu zaidi. Simu ya mhasibu inaomba tupli ya mzigo wa 118 kutoka simu ya kituo. Kituo kinaifuta na kuituma, mawasiliano yanakatika kabla haijafika. Mzigo umepotea, mkulima hatalipwa. Basi mtasema kituo kisifute mpaka kipate uthibitisho. Sawa, mhasibu anapokea, anatuma uthibitisho, nao unapotelea njiani. Sasa tupli ipo pande mbili, na mhasibu wa pili akija anaichukua tena. Mtaongeza uthibitisho wa uthibitisho, nao utapotea vilevile. Hili ni tatizo la majenerali wawili, na limethibitishwa kimahesabu kwamba kwenye njia inayoweza kupoteza ujumbe hakuna idadi ya uthibitisho itakayozipa pande zote mbili uhakika. Usijaribu kulishinda kwa kuandika msimbo hadi usiku wa manane.

Tunalikwepa. Kwetu hakuna simu inayofuta tupli ya simu nyingine. Mwenye tupli peke yake ndiye anayefanya in, tena ndani ya simu yake. Wengine wanafanya rd, wanabaki na nakala, na kila tupli ina utambulisho wa kituo pamoja na namba ya mfuatano, hivyo nakala ikifika mara tano inahesabiwa moja. Mhasibu akishahifadhi, naye anabandika tupli yake: ("risiti", "kituo-3", 118). Risiti inazunguka kwa mwendo wake, ikimfikia mwenye mzigo ndipo anafuta. Isipofika leo, tupli inakaa, na nafasi inayokula ni ndogo kuliko picha moja ya WhatsApp. Kupokea mara mbili tumekufanya kusiwe na madhara, na kupotea hakuna nafasi ya kutokea mradi simu yenyewe haijavunjika.

Saa msiziamini. Simu iliyokaa bila chaji inaweza kuwaka ikiwa na tarehe ya ajabu, na karani akiandika kwa mkono ataweka saa 2:15 akimaanisha asubuhi, huku simu ya jirani imeandika 08:15. Mpangilio upatikane kwenye namba za mfuatano. Someni saa za kimantiki za Leslie Lamport za mwaka 1978, kurasa zake si nyingi.

Milima yetu ina tabia yake. Barabara nyingi zinapanda na mgongo wa mlima, kwa hiyo vituo viwili vinavyoonana kwa macho vinaweza kutenganishwa na korongo, na kwa barabara mtu anashuka hadi chini ndipo apande tena. Mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hayapendi maji, na kihamba chenye migomba iliyonyeshewa ni maji yaliyosimama wima. Ndiyo maana bodaboda anayezungukia vituo tumempa simu: inakusanya nakala hapa, inaziachia kule. Haina kasi, lakini inafika.

Android nayo haiwapi programu za kawaida hali ya adhoki ya Wi-Fi. Mtatumia Wi-Fi Direct, iliyopo tangu Android 4.0, ambapo simu moja inakuwa mkuu wa kundi, na mkuu akiondoka kundi linavunjika. Bluetooth ya zamani inaruhusu simu saba tu kuwa hai chini ya mkuu mmoja. Na tangu Android 6 mfumo unazilaza programu simu ikitulia, kwa hiyo msitarajie tupli zitembee zenyewe skrini ikiwa imezimwa mfukoni.

Uwanja ulio wazi ni wazi kwa kila aliye karibu. Jina na namba ya simu ya mkulima visiingie kwenye tupli, namba ya uanachama inatosha, na iliyobaki ifungeni kwa usimbaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu hata sisi tulio na simu sita na mzani.

Jaribio lenu la kwanza lisiwe la mezani. Gawanyikeni pande mbili za korongo siku ya mvua, anzisheni uhamishaji, kisha mmoja azime simu iliyo mkuu wa kundi katikati ya kazi. Iwasheni tena, rudieni, halafu linganisheni namba za mfuatano. Mkimaliza nileteeni logi ya aliyetuma pamoja na ya aliyepokea. Ya upande mmoja sitaifungua.