Mnaniuliza koneksheni? Haya, koneksheni yangu ni hii

Tangu niposti kwamba nimepata nafasi ya masta ya mambo ya anga Cape Town, tena kwa udhamini, simu haipumziki. Pongezi nyingi, asanteni sana, Mungu awabariki. Ila kuna meseji moja imenikaa rohoni, ya dogo mmoja wa Moshi ambaye hata simjui, bila salamu wala nini: "Kaka una koneksheni gani huko."

Koneksheni! Mimi mtoto wa mama lishe wa Kaloleni hapa Arusha, mzee wangu fundi gereji Unga Limited, koneksheni naitolea wapi chalii angu? Nikataka nimjibu vibaya, nikaacha. Ila nimeona nijibu hapa maana najua mnaonisoma wengi mnataka kilekile nilichokitaka mimi, mmesoma fizikia, mmechoka kuambiwa kazi yake ni kufundisha tuisheni, na usiku umeme ukikatika mnatoka nje mnaangalia juu.

Nianze na kitu chenyewe nilichoandika kwenye maombi, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kilipo. Niliandika kuhusu klasta za galaksi na namna zinavyouchezea mwanga unaopita karibu yake. Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, na klasta ni mamia ya galaksi, nyingine zinafika maelfu, zimeshikiliwa pamoja na uvutano. Einstein alishasema mwaka 1915 kwamba uzito unapinda njia ya mwanga, na mwaka 1919 wakati jua limepatwa, timu za Waingereza zikaenda kupima nyota kule kisiwa cha Príncipe, pwani ya Afrika Magharibi, na Sobral, Brazili, wakakuta kweli nyota za pembeni ya jua zimesogea kidogo. Sasa kama jua moja linafanya hivyo, klasta nzima je? Fritz Zwicky, mwanaanga mmoja, huyu mzee namkubali sana, mwaka 1933 alipima mwendo wa galaksi za klasta ya Coma akaona zinakimbia mno kuliko uzito unaoonekana, akasema kuna maada giza humo ndani, yaani kitu chenye uzito lakini hakionekani. Mwaka 1937 akasema tena galaksi na makundi yake yanaweza kufanya kazi kama lenzi. Kwa klasta ikachukua miaka 50. Mwaka 1987 ndio watu wakaripoti upinde mrefu wa mwanga ndani ya klasta inaitwa Abell 370, na mwaka uliofuata vipimo vikathibitisha kwamba ule upinde ni galaksi iliyo mbali sana nyuma ya klasta, picha yake imevutwa ikawa kama ukucha.

Ukitaka kuiona hiyo kwa macho yako chukua glasi ya soda yenye kitako kinene, chora nukta kwenye karatasi, weka kitako juu yake, kisha sogeza polepole. Nukta inajivuta inakuwa upinde, ukiipatia katikati inakuwa duara. Nimewaonyesha watoto wa tuisheni Sakina wakagombania glasi hadi mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini.

Sasa uhondo wenyewe ndio huu. Nyuma ya klasta hakuna galaksi tu. Nyuma ya kila kitu, galaksi zote, klasta zote, kuna mwanga wa kale kuliko wote, ulioachiwa ulimwengu ukiwa na umri wa miaka kama 380,000 wakati leo una bilioni 13.8. Umepoa umekuwa mikrowevu, mawimbi ya jamii ya redio yasiyoonekana kwa macho, nyuzi 2.725 tu juu ya sifuri kabisa, baridi ambayo chini yake hakuna nyingine. Watafiti wawili, Penzias na Wilson, waliunasa New Jersey wakidhani ni kelele za antena, hata kinyesi cha njiwa wakakisafisha, kelele ziko palepale, mwaka 1978 wakapewa Nobel. Na wale mnaokumbuka TV za mgongo kabla ya ving'amuzi, zile chenga za stesheni isiyoshika, sehemu ndogo ya chenga zile ilikuwa ni mwanga huu. Yaani tumekaa sebuleni tunaipiga TV makofi na huku ndani yake kuna habari za mwanzo wa ulimwengu.

Huo mwanga nao ukipita kwenye klasta unapinda. Lakini hautoi upinde mzuri wa kupiga picha, kwa sababu wenyewe hauna umbo, una mabaka tu ya joto na baridi yanayotofautiana kama sehemu moja kwa laki moja. Klasta inachofanya ni kuvuruga mteremko kati ya baka la joto na baka la baridi, upande wa joto unaonekana umepoa kidogo na upande wa baridi umepata joto kidogo. Tofauti yenyewe ni sehemu chache za milioni ya nyuzi moja. Wanafizikia Seljak na Zaldarriaga walilipigia hesabu mwaka 2000, na mwaka 2015 watu wa darubini ya Ncha ya Kusini, ile yenye dishi la mita 10, walikusanya klasta 513 pamoja ndio ishara ikatoka, tena kwa sigma 3.1, yaani uwezekano wa kuwa ni bahati tu ni mdogo ila sio sifuri. Imetoka ila kwa jasho. Faida yake ni kwamba klasta ikiwa mbali sana, galaksi za nyuma yake za kutumia kupimia uzito zinakuwa chache na hafifu, lakini ule mwanga wa kale upo nyuma siku zote.

Nikiwa chuo niliipeleka hii kama wazo la projekti. Mhadhiri mmoja, sitamtaja, akaisoma kwa sauti mbele ya darasa zima kisha akaniuliza, "Hii utaifanyia wapi bwana mdogo, juu ya Mlima Meru?" Darasa likafa kwa kicheko. Nikapewa projekti ya sola. Sola ni nzuri sina ugomvi nayo, ila kile kicheko bado nakisikia, na siku barua ya Cape Town imeingia mtu wa kwanza niliyemfikiria ni yeye, Mungu anisamehe.

Swali lake lilikuwa na jibu na hakuna aliyelijua darasani. Huhitaji mlima. Huhitaji darubini hata moja! Setilaiti ya Planck ya Wazungu wa Ulaya ilirushwa mwaka 2009 ikazimwa 2013, na ramani zake zote za anga ziko bure kwenye intaneti, mtu yeyote anapakua, hakuna kuomba barua ya mkuu wa idara. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: pakua data.

Miaka ya katikati naruka, ni habari ya steshenari Kijenge, fotokopi, kuprinti sivii za watu, kuandika barua za maombi ya kazi. Ramani nilizipakua kwa bando la usiku, moja moja, maana ni mafaili mazito na kila ramani ina vipande zaidi ya milioni 50. Kompyuta ya dukani ikiwa haina mteja inapiga hesabu zangu, mteja akija nasimamisha.

Sikuanza na lenzi, na wewe usianze nayo. Macho ya Planck hayana ukali wa kutosha kwa kazi ile ya klasta moja moja, utaumia bure. Nilianza na kivuli. Ndani ya klasta kuna gesi ya moto wa mamilioni ya nyuzi, elektroni zake zinaugonga mwanga wa kale na kuupandisha nguvu, unahama kutoka masafa ya chini kwenda ya juu, wanasayansi wa Kisovieti Sunyaev na Zeldovich walilisema hili mwanzoni mwa miaka ya 1970. Matokeo yake ukiangalia kwa masafa ya gigahezi 143 klasta inaonekana doa la baridi, kwa 353 inaonekana doa la joto, na kwenye 217 hapo karibu hakuna kitu.

Unachofanya ni kukata kipande cha ramani kila mahali penye klasta, unavipanga vyote kimoja juu ya kingine, unatafuta wastani. Kelele zinauana zenyewe, klasta inabaki. Ila hapa sikilizeni vizuri: msitumie orodha ya klasta iliyotengenezwa kutokana na ramani hizohizo za Planck, hapo unajidanganya, lazima zitatokea tu. Mimi nilichukua orodha ya mwanaanga George Abell ya mwaka 1958, klasta 2,712 alizozitafuta kwa macho kwenye picha za darubini ya Palomar, na ile Abell 370 imo humo. Huyo mzee alikuwa hajui lolote kuhusu mikrowevu, ule mwanga wenyewe ulikuwa haujagunduliwa.

Siku picha inatoka kulikuwa na mama anasubiri laminesheni ya cheti cha mwanae. Skrini ikajaa madoamadoa ya ovyo, halafu katikati kabisa doa la bluu, duara, limetulia. Nikaruka. Yule mama akasema "Kulikoni mwanangu, umeshinda mkeka?" Nikamwambia zaidi ya mkeka mama. Nikaweka 353, doa likawa jekundu. Nikaweka 217, patupu. Nikachagua sehemu za anga bila mpangilio, idadi ileile, patupu tena. Laminesheni nilimfanyia bure.

Kwenye usaili hawakuniuliza jiipiei kwanza. Waliuliza kwa nini kwenye 217 hakuna kitu, na nimejuaje kwamba doa sio bahati. Nilijibu hata maji sikunywa, kwa sababu vitu hivyo nimevifanya kwa mikono yangu kwenye kompyuta yenye vumbi la tona.

Ndio maana hii habari ya koneksheni inaniudhi jamani. Tumelelewa hivi, mtu akifanikiwa tunatafuta mjomba wake ni nani. Sikatai, nchi hii koneksheni zipo na watu wanapita nazo. Lakini mwanga uliosafiri miaka bilioni 13 hauulizi wewe mtoto wa nani, umeshafika, umeshapimwa, umewekwa mezani, na wewe umeshika simu unatumia bando kuangalia watu wakitukanana. Pakua data. Usiniambie huna kompyuta, tafuta mwenye steshenari mkubaliane, umsaidie kazi mchana akuachie mashine jioni. Usisubiri mhadhiri akuruhusu. Usisubiri darubini ijengwe Ngaramtoni. Pakua data, toa picha moja, ielewe mpaka mtu akikuuliza usiku wa manane unajibu, halafu ndio uandike hayo maombi. Na ukishapata kivuli, rudi kwenye lenzi, mimi ndicho ninachokwenda kufanya huko.

Kwa watakaoanza wiki hii: mtahitaji Python, lugha ya kuandikia programu, na kifurushi chake cha kusoma ramani za anga kinaitwa healpy, na kwenye Windows kinasumbua sana kukiweka, wekeni Linux. Kama bando ni dogo anzeni na ramani ya 143 peke yake, na mzime apdeti za kompyuta kabla hamjaanza kupakua, zitawamalizia bando lote usiku huohuo.