Picha zangu ziko kwenye kundi la chama

SWALI: Mama Wakili, nauza omena soko la Kibuye, Kisumu. Mwanamume tuliyeachana naye ametuma picha zangu za faragha kwenye kundi la WhatsApp la chama chetu. Kituoni, afisa aliniuliza kwa nini nilikubali kupigwa picha hizo. Je, nina kesi?

JIBU: Unayo, dadangu. Afisa huyo amekosea: kukubali kupigwa picha si kukubali kutangazwa. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya 2018 kinamwadhibu anayesambaza picha za faragha za mtu mwingine: faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. (Mimi naona ni kidogo mno.)

Najua unatamani kuzifuta zote usiku huu. Ngoja kwanza. Hifadhi picha za skrini zinazoonyesha nambari yake, tarehe na saa. Simu yenyewe usiiuze wala kuibadilisha, maana kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza ushahidi wa kielektroniki ulivyotolewa. Tafuta mwanachama mmoja aliyeziona, awe shahidi. Kisha rudi kituoni, hata kingine, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio ambamo polisi huandika ripoti yako.