Kisu cha kukunja cha Barlow: springi kwanza, mng'aro baadaye

Barlow ni kisu cha mfukoni chenye asili ya Sheffield, Uingereza. Kilikuwa kisu cha bei ndogo, cha vibarua na wavulana, na ndiyo maana kinamfaa fundi wa Tabora au Kigoma anayetaka kutengeneza nakala ya kisu cha zamani kwa mkono. Hakidai fedha wala lulu. Kinadai chuma cha springi, mfupa wa ng'ombe, vipande vya bati jeusi na misumari. Alama yake ni kile chuma kirefu cha kichwa kinachofunika karibu theluthi ya mpini na kulinda bawaba. Wengi hukimbilia kung'arisha mfupa, kumbe kisu hufia kwenye springi, yaani ule ukanda wa chuma mgongoni mwa mpini unaoukaza ubapa.

Amua kwanza unarudisha mwaka gani. Tuseme unataka kisu cha miaka ya 1870, zama za Livingstone pale Ujiji na Tembe la Kwihara. Basi chuma kisichopata kutu hakina nafasi, maana Harry Brearley alikitengeneza Sheffield mwaka 1913. Skrubu za kichwa cha nyota ni za miaka ya 1930, na gundi ya epoksi haikuwepo sokoni kabla ya miaka ya 1940. Kila kitu kishikwe kwa ribiti.

Malighafi. Ubapa na springi vitoke kwenye kipande kimoja cha chuma, ili unene wao ulingane. Panga kuukuu, ile sehemu iliyo karibu na mpini, mara nyingi lina unene wa milimita 2 hadi 2.5, nalo linamfaa anayeanza. Springi ya gari kutoka kwa wauza vyuma chakavu ni bora zaidi, ila itabidi uifue hadi milimita 3 kisha uisawazishe kwa tupa. Kabla ya kukata, pasha chuma hadi kiwe chekundu, kifukie kwenye majivu makavu na ukiache hadi kesho yake. Ukiruka hatua hii tupa zitaisha meno na keekee itaungua. Vibati viwili vya ndani, vile vinavyokaa kati ya mfupa na ubapa, viwe vya chuma laini cha milimita 1. Usichukue bati la kuezekea: lina zinki, na likiingia kwenye moto moshi wake huleta homa na kifua kubana. Kwa ribiti, fimbo za shaba za kuunganishia, zile zinazouzwa kwa wachomeleaji, ni nzuri, ila Barlow nyingi za kale zilipigwa ribiti za chuma, na msumari wa milimita 3 ndio unaofaa kwa bawaba.

Vipimo: mpini milimita 87. Tundu la bawaba liwe milimita 8 kutoka mbele, na kutoka tundu hilo hadi ncha ya ubapa iwe 74, ili ncha isigote nyuma kisu kikifungwa. Chora yote kwenye katoni ngumu, kata, kisha unganisha kwa pini za ofisini na uvifungue na kuvifunga mezani. Katoni itakuonyesha kosa ambalo chuma kingekuonyesha baada ya siku mbili za tupa.

Sasa shina, yaani kile kipande cha ubapa kinachoingia ndani ya mpini. Toboa tundu lake kwanza, kabla ya kuligusa kwa tupa, na litobolewe wima kabisa. Kama huna keekee ya kusimama, shirikiana na mwenzako: mmoja atoboe, mwingine apime wima kwa kipimo cha pembe mraba cha seremala kwa pande mbili. Tundu likilala, ubapa utainamia upande mmoja na kukwaruza kibati, na hakuna dawa ya baadaye.

Pande tatu za shina (mgongo, kitako na tumbo) ziwe na umbali ule ule kutoka katikati ya tundu. Milimita 4.5 inatosha. Hapo springi italala sawa na mgongo wa mpini kisu kikiwa wazi, nusu, na kimefungwa. Ukiona springi imechomoza kisu kikiwa wazi na imezama kikiwa kimefungwa, umepunguza tumbo kupita kiasi. Kona kati ya pande hizo usiziache kali. Kona kali kwenye shina la 4.5 huipandisha springi karibu milimita 1.9, na huo ni mzigo mkubwa. Zungushia hadi ipande isizidi milimita 1. Kwenye mgongo wa shina weka kidato ambacho ncha ya springi itagota ubapa usipitilize ukifunguka. Upande wa makali, pale makali yanapoanzia, acha kinundu kidogo: hicho ndicho kinachogusa springi kisu kikifungwa, na kinayaweka makali mbali nayo milimita 1 hivi. Kinundu kikilika kwa tupa, makali yatajikata kwenye springi kila unapofunga, nawe utabaki unalaumu jiwe la kunolea.

Springi hushikwa nyuma kwa ribiti moja na katikati kwa nyingine, milimita 48 hivi kutoka bawaba. Mbele huachwa huru ikikanyaga shina. Sehemu nyembamba, kati ya ribiti ya katikati na ncha, iwe na kina cha milimita 2.5. Kabla ya kubanwa, ncha yake iwe imeshuka milimita 1 hadi 1.5 chini ya pale itakapokaa. Ikipungua hapo, kisu kitalegea na kujifungua mfukoni. Ikizidi sana, kucha zitavunjika kabla ya kisu kufunguka, au springi yenyewe itakatika. Malizia msasa wake kwa urefu, kamwe si kwa kukingama, kwa sababu mkwaruzo wa kukingama ndipo ufa unapoanzia.

Kutia matu, yaani kukifanya chuma kiwe kigumu kwa kukipasha na kukizamisha kwenye mafuta, kufanywe kivulini au jioni, maana jua hudanganya macho kuhusu rangi ya chuma. Makali yasiwe yamenolewa bado: yaache na unene wa karibu milimita 1, la sivyo yatajikunja kama utepe. Tumia mkaa na mvukuto wa taratibu. Chuma kikifika 770°C sumaku hukiacha. Kipime mara kwa mara, na sumaku ikishaacha, ongeza moto kidogo tu kisha kizamishe. Watu wa Kigoma wana bahati hapa, kwani mawese ni mafuta mazuri ya kuzimishia. Pasha lita 2 ndani ya chombo cha chuma hadi nyuzi 50 au 60, kwa sababu mawese yaliyoganda hayapozi sawasawa. Ingiza ubapa wima, ncha mbele, bila kuutikisa kando. Ukiingia umeinama, utapinda. Springi nayo ni vivyo hivyo. Mfuniko uwe karibu, mafuta hushika moto. Maji yaache: chuma cha springi ya gari hupasuka ndani yake. Oili chafu ya injini nayo iache, moshi wake ni sumu na haina faida yoyote kuliko mawese.

Jaribu kwa tupa. Ikiteleza bila kula, chuma kimeshika. Kisugue kiwe cheupe, kisha kiweke juu ya mchanga kwenye bamba la chuma lenye moto mdogo na uangalie rangi. Ubapa utoe ukifika rangi ya majani makavu, karibu nyuzi 220. Springi iendelee hadi bluu, karibu 300, na irudie mara ya pili. Springi iliyotolewa kwenye rangi ya majani makavu itakatika siku ya kwanza.

Kuhusu mpini: mfupa wa muundi wa ng'ombe, uliochemshwa kwa moto mdogo kwenye maji ya sabuni hadi mafuta yatoke, ukakaushwa kivulini. Kata vipande vya milimita 4. Vaa barakoa, vumbi la mfupa si la kuvuta. Mbao za mninga na mkurungu hupatikana Tabora na zinapendeza, lakini kwa Barlow mfupa ndio wa asili. Pembe za ndovu usizifikirie hata kwa mzaha.

Vyuma vya kichwa vipigwe ribiti kwenye vibati kabla ya mfupa. Panua midomo ya matundu kwa nje ili kichwa cha ribiti kijae humo na kipotee ukikipiga tupa. Kwenye mfupa tundu liwe kubwa kuliko ribiti kwa unywele tu, na nyundo iwe ndogo, mapigo mepesi na mengi. Pigo moja zito hupasua mfupa wenye saa tano za kazi.

Ribiti ya bawaba huja mwisho kabisa. Kata ukanda wa kopo la soda, utoboe mkato upate kukaa kuzunguka ribiti, uweke kati ya shina na kibati, kisha gonga ribiti hadi ubapa usicheze kando. Vuta ukanda utoke. Nafasi iliyobaki ndiyo inayouruhusu ubapa kuzunguka bila kulegea. Ukisahau ukanda na kisu kikakwama, usikilazimishe: tia mafuta na ufungue na kufunga mara nyingi, au ukate ribiti uanze upya.

Noa kwa nyuzi 20 kila upande. Mfupa na chuma vipakwe nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo ya kitani. Mawese hapa hayafai, hayakauki na huchacha. Usitumie tindikali kukizeesha, na usigonge jina la Sheffield ubavuni: gonga alama yako na mwaka ulipokitengeneza, ndani ya kibati, kabla hujapiga ribiti.