Kongo ni Afrika ya Kati au ya Mashariki?

Ndugu, Kongo yetu ya Kinshasa imebaki Afrika ya Kati, hata baada ya kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kujiunga huko ni mkataba wa kisiasa na kibiashara, na nchi inaweza kuwa na mikataba ya namna hiyo zaidi ya mmoja: tangu 1997 sisi ni wanachama wa SADC, jumuiya ya kusini, bila mtu kudai kwamba Kinshasa imehamia kusini.

Sisi wa Lubumbashi tunaona jinsi mgawanyo wa kanda unavyotofautiana pale mpakani Kasumbalesa, ambako malori ya shaba huvuka kuingia Zambia. Umoja wa Mataifa, katika takwimu zake, unaiweka Zambia Afrika Mashariki, ilhali Umoja wa Afrika unaihesabu kusini. Burundi nayo, ambayo Umoja wa Mataifa unaiweka mashariki, Umoja wa Afrika unaiweka kati pamoja nasi.

Hata hivyo, Umoja wa Mataifa wenyewe unaeleza kuwa mgawanyo wake ni wa kurahisisha takwimu tu, kwa hiyo usiutumie kama hoja ya kisiasa.